Nafasi ya kwanza Google si mali ya anayeiuza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu matangazo madogo yanayotoka karibu kila toleo: "Tovuti yako namba moja Google ndani ya siku 14", na chini yake, "Wafuasi 10,000 kwa siku tatu". Nimewahi kuwa mteja wa maneno hayo. Sitaki kukusingizia, aliyeniuzia hakutangaza kwako, alikuja mwenyewe na mkoba wa kompyuta begani. Lakini ahadi yake na hizi za gazetini ni mapacha.

Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani. Sishoni nguo, natengeneza mashine. Msomaji aishike tofauti hiyo, nitairudia. Nilipofikisha miaka 31 ya kufungua na kufunga skrubu, mpwa wangu alinishawishi niandike ninachokijua kwenye tovuti: kwa nini sindano huvunjika, kwa nini uzi wa chini husokotana, namna ya kuutambua mkanda mlegevu kabla haujakatika. Kijana mmoja akanijengea tovuti, nikaandika kurasa 40, picha nikapiga mwenyewe. Kisha nikakaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilidhani methali hiyo inafanya kazi mtandaoni kama inavyofanya kazi kwenye meza yangu, ambako mteja mmoja aliyeridhika huleta watatu. Kwa miezi minane wageni wa tovuti walikuwa mimi, mpwa wangu, na watu wachache ambao nadhani walipotea njia.

Ndipo akaja huyu wa siku 14. "Mzee wangu," akaniambia, "tovuti yako ni nzuri, ila haina nguvu." Neno hilo lilinilainisha, maana hata mimi mteja akiniambia mashine haina nguvu huwa najua pa kuanzia. Yeye hakuuliza nani nataka anisome. Hakuomba kuona takwimu yoyote. Aliuliza swali moja tu: nataka kifurushi cha kawaida au cha dhahabu?

Nikachukua cha dhahabu.

Siku ya 12 alinitumia picha ya kioo cha simu yake. Tovuti yangu ilikuwa juu kabisa, kwanza kati ya zote. Nilimlipa nusu iliyobaki kabla hata ya kumaliza kuitazama. Jioni mpwa wangu akaikuza ile picha kwa vidole viwili na kunionyesha neno dogo lililokaa juu ya jina langu, lile linalosema kwamba hili ni tangazo la kulipia. Kumbe alichukua sehemu ya fedha zangu, akanunua tangazo la siku chache, akapiga picha. Sisemi kutangaza ni kosa. Google huuza nafasi za matangazo waziwazi na kuziwekea alama. Lakini matokeo ya kawaida yanayokaa pamoja nayo hayauzwi kwa bei yoyote, na kununua tangazo hakukusogezi hatua hata moja katika matokeo hayo. Bajeti ilipoisha, nikatoweka.

Ningekuwa nimesoma kabla ya kulipa, ningekuta mwongozo ambao Google yenyewe imewaandikia wenye tovuti. Humo imeandikwa bila kuficha kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba mtaalamu wa kweli kwa kawaida huhitaji miezi minne hadi mwaka mzima kufanya marekebisho na kuona faida yake. Siku 14 hazimo.

Sehemu ya pili ya kifurushi cha dhahabu ilikuwa viungo, yaani anwani za kubonyeza zilizowekwa kwenye tovuti nyingine ili kumleta mtu kwenye yangu. Hapa nieleze kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapopigwa. Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walijenga mtambo wao wa utafutaji juu ya wazo ambalo fundi yeyote analielewa: ukurasa unaoelekezwa na kurasa nyingine, hasa zile ambazo nazo zinaelekezwa na wengi, yaelekea una thamani. Fundi anayeelekezwa na mafundi wenzake. Kampuni ikaanzishwa mwaka 1998, na tangu hapo watu hawajaacha kughushi maelekezo. Muuzaji wangu alinikabidhi orodha ya viungo 3,000, kwa fahari. Nikafungua kadhaa. Vilikuwa vimebandikwa chini ya maoni ya watu wanaozungumzia mikopo, dawa za nywele, matokeo ya mpira, kila kimoja kikiwa na maneno "makala nzuri sana, asante" na anwani yangu. Hebu fikiria mtu anayepita mitaani akipiga kelele kwenye kila mkusanyiko kwamba wewe ni fundi bora. Wenye mkusanyiko watakuonaje?

Mchezo huo una historia, na si ya wadogo tu. Mwaka 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwa muda kwenye matokeo ya Google kwa kutumia kurasa zilizotengenezwa kuuhadaa mtambo badala ya kusomwa na mtu. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua viungo vingi vya kupandikizwa vilivyokuwa vikielekea kwenye tovuti ya maduka ya J. C. Penney, na kampuni hiyo ikaporomoka kwenye matokeo mara moja. Aprili 2012 Google ikatoa badiliko lililoitwa Penguin kwa ajili ya udanganyifu wa aina hiyo hiyo. Na vile vya kubandika chini ya maoni vilishapunguzwa makali tangu 2005, pale Google, Yahoo na Microsoft walipokubaliana juu ya alama ambayo mwenye tovuti anaweza kuiweka kwenye kiungo kuuambia mtambo "hiki usikihesabu kama pendekezo langu". Kwa hiyo nililipia vitu 3,000 ambavyo vingi havihesabiwi, na vinavyohesabiwa huenda vikaniletea adhabu.

Alinijazia pia "maneno muhimu" kwenye sehemu iliyofichika ya kila ukurasa, neno cherehani likirudiwa kama kasuku. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii sehemu hiyo katika kupanga matokeo. Wafuasi nilioletewa sina haja ya kuwaeleza kwa kirefu. Hawakuuliza swali hata moja, na baada ya muda wakaanza kupungua wenyewe kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Sasa nifike kwenye lile linalonitia aibu. Miezi yote hiyo, pamoja na viungo na wafuasi na picha ya namba moja, tovuti yangu haikuwemo kabisa kwenye matokeo ya kawaida ya Google. Si kwamba ilikuwa ukurasa wa kumi. Haikuwemo. Nilijua siku mpwa wangu aliponifundisha kuandika kwenye Google neno site, nukta mbili, halafu anwani ya tovuti bila kuacha nafasi. Njia hiyo hukuonyesha kurasa zako ambazo mtambo unazifahamu. Kwangu hakikutoka kitu. Tukafungua Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, tukathibitisha kwamba tovuti ni yangu, na baada ya siku kadhaa ikatueleza sababu: kurasa zina alama inayokataza zisiingizwe kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambamo mtambo huchota matokeo yake. Aliyenijengea tovuti alikuwa ameweka tiki kwenye kisanduku kimoja cha WordPress, programu aliyoijengea tovuti, kwenye mipangilio ya usomaji, kinachoiomba mitambo ya utafutaji isiiorodheshe tovuti. Mafundi wa tovuti hukitumia wakati wa ujenzi ili kazi isiyokamilika isionekane, jambo la busara kabisa. Alisahau kuitoa tiki. Na huyu wa dhahabu, aliyeahidi kunipandisha, hakuwahi hata kuangalia kama nipo.

Ni sawa na mimi kumbadilishia mtu mota, mkanda na sindano, kumbe waya haujachomekwa ukutani.

Tukaitoa tiki. Tukapeleka ramani ya tovuti, yaani faili lenye anwani za kurasa zote, kupitia Search Console. Wiki chache baadaye kurasa zikaanza kuingia, moja, tatu, kumi na moja. Hakuna aliyelipwa.

Lakini kuingia si kuonekana, na hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye tangazo lolote. Nilikuwa nimeandika kama fundi anayeandikia mtihani. Ukurasa wangu nilioupenda kuliko wote uliitwa "Kasoro za ulinganifu wa sindano na ndoano". Ni sahihi kabisa, na hakuna binadamu anayekaa mbele ya mashine iliyomgomea usiku, nguo ya mtu ikiwa nusu, akaandika maneno hayo kwenye simu.

Maneno yenyewe nilikuja kuyapata mahali ambapo sikutarajia. Mpwa wangu alinirekodi video ya sekunde 40 nikionyesha ubapa wa sindano: kwamba sindano nyingi za mashine za nyumbani zina upande bapa, na ukiuelekeza kusiko hata kidogo mashine huruka mishono, nawe unailaumu. Video hiyo ilitazamwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kuingia kwenye karakana yangu. Nikakimbilia kuangalia tovuti. Wageni tisa. Nilinuna siku mbili. Baadaye nikaelewa kwamba mtandao wa kijamii haujengwi ili mtu atoke. Unajengwa ili abaki. Instagram, kwa mfano, ukiandika anwani ya tovuti kwenye maelezo ya picha, haibonyezeki, ni maandishi tu.

Ila chini ya video kulikuwa na maoni, na hayo ndiyo yalikuwa mali. "Cherahani yangu inaruka." "Inanyofoa uzi kila nikipiga kona." "Haishiki uzi wa chini, nimebadili bobini bado." "Inasokota nyuzi kama kiota." Watu walikuwa wananiandikia vichwa vya kurasa zangu, bure, na mimi nilikuwa nahesabu laiki! Nikachukua daftari, nikayanakili kama yalivyo. Ile "Kasoro za ulinganifu" ikawa "Cherehani inaruka mishono: angalia sindano kwanza". Aya ya kwanza nikaianza na jibu, historia ya uvumbuzi wa sindano nikaifuta. Ukurasa huo ndio unaoniletea wasomaji wengi kuliko wote hadi leo, na kilichomo ndani ni kile kile nilichokuwa nacho mwanzo, kimevuliwa koti tu.

Search Console ikathibitisha. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukajitokeza, umejitokeza mara ngapi, umebonyezwa mara ngapi, na wastani wa nafasi yako. Nikagundua watu wanaandika cherehani, wengine cherahani, na mimi niliyekuwa nikisahihisha wateja matamshi nikanyamaza. Sasa tahajia zote mbili zinapatikana kwenye kurasa zangu, pale zinapokaa vizuri. Nikagundua pia lile nililoahidi kulirudia. Tovuti yangu ilikuwa inaitwa "Fundi Cherehani". Ilikuwa inajitokeza mara nyingi kwa maneno hayo, na karibu hakuna aliyebonyeza. Kwa nini? Kwa sababu anayeandika "fundi cherehani" anataka mtu wa kumshonea nguo. Yuko sahihi, ndiyo maana ya maneno hayo. Mimi ni fundi wa cherehani yenyewe. Neno moja dogo, na nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa watu wasionihitaji. Nilibadili jina likasema "Kutengeneza cherehani". Wanaojitokeziwa wamepungua, wanaobonyeza wameongezeka.

Nilipoona maneno yanafanya kazi nikalewa nayo. Nikaandika ukurasa mmoja ambao kila sentensi ilikuwa na "cherehani inakata uzi". Mpwa wangu akausoma kwa sauti, akacheka mpaka akakaa chini, nikaufuta. Kujaza maneno hivyo Google inakuhesabu kuwa ni udanganyifu, lakini kicheko chake kilinitosha.

Mengine yalikuwa kazi ya mikono. Picha zangu zilitoka kwenye simu zikiwa nzito kupita kiasi, na ukurasa ulifunguka kwa mwendo wa konokono. Google inashauri kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Nikapunguza ukubwa wa picha zote 160, jioni baada ya jioni, na kila moja nikaiandikia maelezo ya maneno, kwa sababu mtambo hauzitazami picha kama mteja, na kuna wasomaji wasioona ambao simu huwasomea. Nikiutuma ukurasa kwenye kundi la WhatsApp ulikuwa unatoka kama mstari mkavu wa herufi, hauna picha wala kichwa. Kumbe kuna sehemu ya kuchagua picha na kichwa vitakavyoonekana kiungo kikitumwa. Kuchagua kulichukua dakika tano, na watu wakaanza kufungua.

Wapo watakaosema, fundi, tovuti ya nini, si ubaki kwenye mitandao ya kijamii ambako watu wapo? Naitumia, na sitaiacha, kwa ajili ya yale maoni. Lakini pale mimi ni mpangaji. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Facebook itawaonyesha watumiaji machapisho mengi zaidi kutoka kwa ndugu na marafiki, na machache zaidi kutoka kurasa za biashara na vyombo vya habari. Waliokuwa wamejenga kila kitu humo walijikuta wanazungumza na ukuta. Aprili 2019 mtandao wa kijamii wa Google+ ulifungwa kwa watumiaji wa kawaida, na Google ndiyo mwenyewe. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika pamoja kwa takribani saa sita. Makala zangu zikikaa kwenye tovuti yangu, na nakala yake nikiwa nayo kwenye diski, anayenifungia mlango mmoja hajanifungia nyumba. Hata Google nako ni mlango tu. Siku hizi maswali mepesi hujibiwa juu kabisa ya matokeo kwa maelezo yaliyotungwa na akili mnemba, na msomaji haingii kwako. Nimeliona hilo kwenye ukurasa wangu wa "mafuta ya cherehani". Kwa hiyo nguvu naziweka kwenye mambo yanayohitaji picha ya mkono ukishika kitu. Na nina orodha ya barua pepe za wasomaji walioomba wenyewe kuandikiwa. Ni fupi, lakini ni yangu.

Sitaki mtu aelewe kwamba wataalamu wote wa kazi hii ni matapeli. Nimekutana na mmoja baadaye, dada mtaratibu, ambaye kabla ya kutaja malipo aliomba aone takwimu za Search Console, akauliza wateja wangu huniuliza nini wakinipigia simu, na nilipomtajia namba moja akasema, "Hilo siwezi kukuahidi, baba." Nilimlipa kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimeshazoea kuahidiwa.

Ninachokuomba, Mhariri, ni mambo mawili. La kwanza, idara yako ya matangazo iwaulize wanaoahidi nafasi ya kwanza: kwa maneno yapi? Maana mtu anaweza kukufanya wa kwanza kwa jina lako mwenyewe refu ambalo hakuna anayelitafuta. Je, ni tangazo la kulipia au matokeo ya kawaida? Wakishindwa kujibu kwa sentensi moja, nafasi hiyo ya gazeti ipewe anayetafuta mbuzi wake aliyepotea.

La pili linahusu tovuti ya gazeti lako, na unisamehe kwa kukukosoa nyumbani kwako. Kurasa zenu zote zina kichwa kimoja, jina la gazeti na neno "Habari", hivi kwamba anayetafuta makala fulani hawezi kuitambua kwenye matokeo. Na mlipobadili sura ya tovuti, anwani za zamani mliziacha zife bila kuzielekeza kwenye mpya. Mlikuwa na makala nzuri ya afya kuhusu kuchoka kwa macho kwa watu wanaofanya kazi za karibu kwa saa nyingi. Niliiwekea kiungo kwenye ukurasa wangu wa taa za cherehani, na wasomaji wangu walikuwa wakiifungua. Hakuna aliyenilipa kuiweka. Tangu mwezi uliopita wakibonyeza wanaambiwa ukurasa haukupatikana, nami imenibidi nikiondoe. Mkiirudisha kwenye anwani yake, nitakirudisha siku hiyo hiyo.

Wako,
Mtengeneza vyerehani
(Jina na anwani ya tovuti unavyo, usivichapishe, nisije nikaonekana najitangaza)